Longibodi ya futi 9 na inchi 2: pezi gani, na likae wapi ndani ya boksi?

kusi_malindi

Salaam wana bahari. Naomba ushauri wa wenye kuyajua mapezi.

Ubao wangu ni longibodi (ubao mrefu wa kuteleza kwenye mawimbi) ya futi 9 na inchi 2, upana inchi 22 na nusu, unene inchi 2 na robo tatu. Ndani ni foamu nyeupe ya EPS, nje ni faiba na epoksi. Mkia ni mpana, wa mraba wenye kona zilizoviringwa. Katikati kuna boksi (mfereji wa kufungia pezi) moja refu la inchi 10.5, pembeni kuna maboksi mawili madogo ya aina ya Futures, yale ya skrubu moja moja. Ulikuja na mapezi ya plastiki: la katikati kina chake ni inchi 7, ya pembeni kama inchi 3 na nusu kila moja. Mimi nina kilo 70.

Naingilia Malindi wakati wa kusi, chini ni mchanga, mawimbi ya kiunoni hadi kifuani. Alfajiri maji yanakuwa laini, ikifika saa nne upepo umeshayavuruga.

Shida ni mbili. Nikitoa mapezi ya pembeni ili nibaki na pezi moja, mkia unaponyoka kila nikiukata ukuta wa wimbi, hasa pale linaposimama wima. Nikiyarudisha, ubao unashika vizuri, lakini nikitembea kwenda puani mwa ubao mkia unainuka na nakwenda chini kichwa mbele.

Nataka kujua: nichukue inchi ngapi? Lililosimama au lililolala nyuma? Faiba au plastiki? Na likae mbele au nyuma ya boksi? Nimeona pezi limeandikwa 10.5, nikadhani ndilo la boksi la 10.5. Ni kweli? Kuagiza ni kutoka nje na nauli inaweza kuzidi bei ya pezi lenyewe, kwa hiyo nataka moja tu, na lisiwe la kubahatisha.

---

FundiFaiba

Ndugu, tuanze na hiyo 10.5, maana imekula hela za wengi. Ile 10.5 ya boksi ni urefu wa mfereji wenyewe, kutoka kichwani hadi mwishoni. Namba ya pezi ni kitu kingine kabisa: ni kina chake, yaani ugeuze ubao, upime kuanzia usawa wa tumbo la ubao mpaka kimo cha ncha, rula ikiwa wima, usifuate mpindo wa pezi. Pezi la inchi 6 na pezi la inchi 10 yote yanaingia boksi hilohilo. Kinacholazimika kulingana ni mguu wa pezi, kile kipande kinachozama ndani ya mfereji. Boksi lako ni la aina ya kawaida ya Marekani, na mapezi mengi ya katikati yanayouzwa yametengenezewa hilo. Mguu ukiingia, hubaki nafasi ya inchi 3 hadi 4 za kulisogeza mbele na nyuma. Nafasi hiyo ndiyo mali uliyonayo, nitairudia.

Sasa mkia kuponyoka. Pezi la inchi 7 halikuundwa lifanye kazi peke yake. Lilikatwa dogo kwa sababu lina wasaidizi wawili pembeni. Ukiwatoa wasaidizi, mkia mpana kama wako unabaki umeshikwa na kipande kidogo cha plastiki, na plastiki ile inanesa tangu kitakoni. Wimbi likisimama, pezi linapinda, maji yanapita bila kukamatwa, mkia unakwenda upande. Hilo si kosa la miguu yako.

Kanuni ya kuanzia ya watu wa mbao ndefu ni inchi moja ya pezi kwa kila futi ya ubao. Kwako inatoa inchi 9 na kitu. Halafu unarekebisha. Mtu wa kilo 55 anaweza kushuka nusu inchi, wa kilo 90 apande nusu inchi. Mkia mpana unataka pezi refu kidogo kuliko mkia uliochongoka, kwa kuwa pezi liko mbali na ukingo wa ubao na ubao ukilala upande ncha hukaribia kutoka nje ya maji. Kwa kilo 70 na mkia wa mraba, mimi ningechukua kati ya 9 na 9.5. Zaidi ya hapo kwenye mchanga wa kina kifupi utakuwa unalima.

Umbo. Mtu wa pwani atalielewa pezi haraka akilifikiria kama mkuku na usukani vilivyounganishwa. Kitako, yaani sehemu pana iliyoshikana na ubao, ndicho kinachosukuma: kikiwa kipana, ubao unakwenda mbele kwa nguvu na unashika mstari. Ncha ndiyo inayoshikilia: ikiwa pana, mkia haubanduki kirahisi, lakini inakokota maji na mwendo unapungua. Mlalo, yaani ncha imekwenda nyuma kiasi gani ukilinganisha na kitako, ndio unaoamua urefu wa kona. Pezi lililosimama hukata kona fupi, kama mtu anayegeukia kisigino. Lililolala nyuma hukata kona ndefu na halikutupi ukiwa na kasi.

Mapezi ya awali ya mbao ndefu, enzi za Malibu miaka ya 1950, yalikuwa na umbo la herufi D: makubwa, manene, ukingo wa nyuma umenyooka. Yalishika, lakini yalikuwa kama kukokota nanga. George Greenough wa California ndiye aliyeleta pezi jembamba lenye ncha inayonesa, kwa kutazama mapezi ya samaki wa kasi kama jodari. Mwaka 1966, San Diego, Nat Young wa Australia alichukua ubingwa wa dunia wa kupanda mawimbi akiwa na pezi la namna hiyo chini ya ubao wake. Mapezi mengi ya leo ya longibodi yako mahali fulani kati ya ile D na lile la jodari.

Kwako: mlalo wa wastani, kitako kipana, ncha isiyo nyembamba sana, inchi 9.25 ukilipata. Ni pezi la kila siku. Halitakuwa bingwa wa lolote, lakini halitakuangusha.

Nyenzo: faiba, bila kusita. Plastiki iliyomiminwa hunesa mahali pasipotakiwa. Pezi la faiba limekatwa kutoka kwenye bamba la tabaka nyingi za kitambaa zilizobanwa kwa resini, kisha likasuguliwa mpaka likawa nene kitakoni na jembamba nchani. Ukilipata mkononi, lielekeze kwenye mwanga. Utaona mistari ya tabaka imezunguka kama mistari ya kimo kwenye ramani ya mlima. Hiyo mistari ndiyo inayokuambia fundi alifanya nini: upande wa kushoto na wa kulia ilingane. Mistari ikiwa imesogea kuelekea nchani upande mmoja na kuelekea kitakoni upande mwingine, pezi limesuguliwa vibaya na litavuta ubao upande. Kisha shika kitako kwa nguvu kwa mkono mmoja na usukume ncha kwa kidole gumba. Theluthi ya chini isisogee kabisa, ya kati isogee kidogo tu, ya juu inese na kurudi mara moja. Likipinda tangu chini, lirudishe.

Mahali pa kukaa: anza katikati ya boksi. Ukilisukuma mbele, kuelekea pua, ubao unageuka kwa wepesi lakini mkia unalegea. Ukilivuta nyuma, ubao unashika na kunyooka, kugeuza kunataka nguvu. Sogeza robo inchi kwa mara moja, yaani milimita 6, na usiruke inchi nzima. Milimita 6 utaisikia miguuni wimbi la kwanza tu.

---

binti_wa_omo

Nakubaliana na FundiFaiba kwa mengi, lakini hili la puani amelipita, na ndilo nusu ya swali la kaka.

Kaka, mkia wako hauinuki kwa sababu ya pezi peke yake. Mtu akisimama puani, kinachozuia ubao usipinduke ni maji. Wimbi linapokunjika, maji yanapanda juu ya mkia na kuulalia, yanaukandamiza chini kama mtu aliyekalia ncha ya pili ya mbao ya pembea. Pezi kazi yake ni kuubakiza mkia ndani ya ukuta wa wimbi ili maji yaendelee kuulalia. Ukikimbilia puani ubao ukiwa mbele kwenye bega tambarare la wimbi, nyuma yako hakuna maji ya kukandamiza kitu, na hata ufunge pezi la inchi 11 utazama. Kwanza punguza mwendo: rudi hatua moja nyuma, kanyaga mkia, acha wimbi likufikie hadi mkia uwe chini ya sehemu inayokunjika, ndipo utembee. Hatua za kupishana, si kuburuta.

Baada ya hapo ndipo pezi linaingia. Lililosimama wima lenye ncha pana linashika sana likizama ukutani, na ndiyo sababu wapenda pua hulichagua, inchi 9.5 hadi 10 kwa ubao kama huo. Pezi la mlalo mkubwa na ncha ya sindano linateleza kutoka mahali hapo mapema. Kwa hiyo kama moyo wa kaka uko puani, mimi ningesema 9.5 iliyosimama, wala si 9.25 ya mlalo.

Gharama yake uijue: pezi hilo halipendi kasi. Kwenye wimbi la kifuani lililosimama, ukijaribu kona ndefu utasikia ubao umekwama, halafu unaachia ghafla. Na kuna lile la shoka, jembamba kitakoni na pana nchani. Hilo linashika puani kuliko yote ila kama ndilo pezi pekee ulilonalo usilinunue. Kitako chembamba hakikupi msukumo, na siku ya mawimbi mabovu utakuwa umesimama tu.

Jambo la pili ni kugeuza. Wengi wanasema «ubao wangu haugeuki, pezi ni kubwa» kumbe mguu wa nyuma uko sentimita 60 mbele ya pezi. Longibodi hugeuka ukiwa umesimama juu ya pezi au karibu nalo. Angalia alama za miguu kwenye nta uliyopaka juu ya ubao ili usiteleze, baada ya kutoka majini. Kama nta karibu na mkia bado ina vipele vyake vyote, haijakanyagwa, basi pezi halina kosa.

---

kusi_malindi

Shukran sana, wote wawili. Nimeangalia nta: nyuma kabisa haijaguswa. Hapo nimejua pa kuanzia.

Mambo mawili nilisahau kuyaweka. Kusi likikolea mwani unakuwa mwingi majini, wakati mwingine pezi linarudi limevaa shada zima na ubao unatetemeka. Je, pezi lililosimama halitakuwa balaa? La pili ni skrubu. Ile iliyokuja na ubao imeliwa na kutu pamoja na kibati chake, kile kinachoishika ndani ya mfereji. Duka la vifaa vya ujenzi wamenipa skrubu ya M4, inaingia lakini inacheza, na mara moja imeshachomoka.

---

mwana_wa_gati

Skrubu hiyo itoe leo, usisubiri. Sababu ya kucheza ni hii: maboksi haya ni ya vipimo vya Marekani, na skrubu yake ni 8-32. Unene wake ni milimita 4.17 na kuna hesi 32 kwa kila inchi, yaani umbali wa hesi hadi hesi ni milimita 0.79. M4 ni milimita 4 kamili na hesi yake ni milimita 0.7. Zinafanana kwa macho, na M4 inaingia kwa sababu ni nyembamba zaidi, lakini hesi hazikutani. Zinagusana vichwa tu. Ukikaza kwa nguvu unazisaga, ukikaza kidogo mtetemo unaifungua. Pezi la faiba likianguka halielei, na kwenye maji ya rangi ya mto Sabaki hulioni tena.

Njia mbili. Ya kwanza, uagize skrubu na kibati cha 8-32 pamoja na pezi. Ni vitu vidogo, haviongezi uzito wa mzigo. Chukua seti tatu, chuma cha pua cha daraja 316. Daraja 304 linavumilia, ila maji ya chumvi yaliyotuama ndani ya mfereji hulitoboa taratibu. Ya pili, kama huwezi kusubiri, hamia M4 kikamilifu, skrubu na kibati pia. Mpelekee fundi wa chuma kibati cha zamani kama kiolezo, akate kipande cha chuma cha pua chenye urefu, upana na unene uleule, atoboe kwa keekee ya milimita 3.3, akate hesi ya M4. Kisiwe kinene zaidi ya cha zamani, kitakwama mferejini. Kisiwe chembamba sana pia, hesi mbili tu hazitoshi kubeba pezi. Kichwa cha skrubu kipite kwenye tundu la mguu wa pezi kikae chini ya uso wake.

Kufunga, kwa sababu watu huangusha kibati ndani na kuanza kukivua kwa msumari: geuza ubao, safisha mfereji kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) na mswaki, punje moja ya mchanga inatosha kukwamisha kila kitu. Zungushia skrubu kwenye kibati mizunguko miwili tu, iwe kama mpini. Kidumbukize kibati kwenye ule uwazi ulio katikati ya mfereji, kisukume mbele kwa kutumia skrubu mpaka pale unapotaka tundu la pezi liwe, kisha fungua skrubu na ukiache. Sasa chukua pezi. Nyuma ya mguu wake kuna pini ndogo ya shaba iliyopita kati. Ingiza pini hiyo kwenye uwazi uleule, vuta pezi nyuma, halafu shusha mbele mpaka tundu likae juu ya kibati. Kama tundu halioni kibati, usilazimishe, sogeza pezi milimita moja moja. Paka skrubu mafuta ya mgando kidogo, anza kwa vidole, malizia kwa bisibisi. Ikishakamata, ongeza robo mzunguko na uishie hapo. Ukiongeza zaidi unavunja sikio la mguu wa pezi au unavuta kingo za boksi.

Mguu ukilegea ubavuni, pezi litapiga tak-tak kwenye kila wimbi na kidogo kidogo litalipanua boksi. Bandika ukanda mmoja wa tepu ya fundi umeme kila upande wa mguu, ujaribu. Mguu ukibana, sugua mguu kwa msasa namba 120, pande zote sawa. Boksi usilisugue kamwe, pezi unaweza kulibadilisha, boksi limeungwa na ubao.

Na kila ukitoka, suuza kwa maji baridi. Mara moja kwa mwezi fungua kila kitu, hata kama hubadilishi pezi. Kutu ya kibati huvimba ndani ya mfereji, na ikishavimba utaikata kwa msumeno.

---

Muscat_Mswahili

Nipo Oman, na msimu huuhuu wa kusi ndio unaotuletea mawimbi upande wa Al Ashkharah, mchanga vilevile, upepo vilevile. Niongeze kuhusu mwani na mapezi matatu.

Mwani hunasa pale unapokutana na ukingo ulio wima. Pezi lililosimama linaubeba, la mlalo linauachia uteleze hadi nchani na kuondoka. Kuna mapezi yaliyolala sana, kama nyuzi 45 au zaidi, yaliyokatwa makusudi kwa maji ya mwani. Kwa huko Malindi huhitaji kufika huko, lakini ni sababu nzuri ya kumwacha dada binti_wa_omo na pezi lake la wima na kurudi kwenye mlalo wa wastani. Angalia pia ukingo wa mbele wa pezi: kama una mchubuko au kibonyo, hapo ndipo mwani unashikilia. Ziba kwa epoksi, sugua. Ubao ukianza kutetemeka ghafla katikati ya maji tulivu, kaa juu yake, geuza mwelekeo, piga makasia ya mikono kinyumenyume kidogo. Mara nyingi mwani unatoka wenyewe.

Mapezi ya pembeni usiyatupe. Wimbi la kiunoni, alfajiri, maji laini: pezi moja la 9.25. Wimbi la kifuani lililovurugwa na upepo: la katikati inchi 7 hadi 8 na ya pembeni inchi 3.5. Ya pembeni yanakaribia ukingo wa ubao, kwa hiyo yanabaki majini hata ubao ukilala, na ndiyo yanayokuzuia kuponyoka ukutani. Hasara ni mkokoto, yanaongeza kelele ya maji na kupunguza ule mtelezo unaoutafuta. Lakini usichanganye pezi kubwa la 9.25 na ya pembeni ya 3.5 kwa wakati mmoja, ubao utaganda kama umepigwa misumari. Ukitaka kubaki na kubwa, ya pembeni yashuke hadi inchi 2.5 au yatoke.

Ukifunga matatu, pa kuanzia ni kulinganisha mwanzo wa kitako cha pezi la kati na mwisho wa vitako vya pembeni, ukitazama kutoka ubavuni. Ukilileta mbele karibu nayo, ubao unalegea na kugeuka haraka. Ukilirudisha nyuma, unanyooka.

Kosa linalotokea kila siku ni kubadilisha kushoto na kulia. Mapezi ya pembeni yana upande bapa na upande wenye mgongo. Upande bapa utazame uti wa ubao, yaani mstari wa katikati, mgongo utazame nje. Ukikosea, ubao unakwenda zigizaga na unaonekana mbovu, kumbe ni kuyabadilisha tu. Ncha zake za mbele huwa zimeinamia kidogo katikati ya pua, usijaribu kuzinyoosha. Skrubu zake ni za alenki (ufunguo wa pembe sita) ya inchi 3/32. Alenki ya milimita 2.5 inakaribia kuingia, ila ni kubwa kwa unywele mmoja na ikilazimishwa inaharibu tundu. Tafuta ya inchi.

---

binti_wa_omo

Nakubali hoja ya mwani, hapo nimeshindwa kwa haki. Kaka, chukua mlalo wa wastani, ila ncha iwe pana kuliko kawaida ya mapezi hayo. Pima inchi moja na nusu chini ya kimo cha ncha: pezi liwe bado na upana wa inchi 2 na zaidi. Muuzaji akikuwekea picha iliyopigwa ubavuni pamoja na rula, unaweza kupima hilo kwenye skrini. Hapo utapata mshiko wa kutosha puani bila kubeba shada.

---

FundiFaiba

Sina ubishi. Nimalizie na mambo ya mikono, kwa sababu pezi likifika si mwisho wa kazi.

Pezi jipya la faiba mara nyingi lina ukingo wa nyuma mkali kama kisu au butu kama ubao wa rula. Vyote vibaya. Mkali unakata paja siku ubao ukikurudia, butu unaimba. Umesikia ubao ukilia mmmmm ukishika kasi? Maji yakiachana na ukingo butu yanajikunja kushoto, kulia, kushoto, kwa mpigo, na pezi linatetemeka kama uzi wa gambusi. Dawa: loweka msasa namba 220, sugua ukingo wa nyuma upande mmoja tu kwa mshazari, kuanzia kitako hadi ncha, mpaka ukingo ubaki unene wa milimita moja hivi. Malizia na namba 400, kisha vunja ukali wa kona kwa kupitisha msasa mara moja. Usugue ukiwa umelowesha, vumbi la kioo halifai mapafuni, na fumba pua na mdomo kwa kitambaa. Ukingo wa mbele usiuguse zaidi ya kuondoa michubuko, uache uwe wa mviringo.

Hakikisha pia pezi limesimama nyuzi 90. Weka skwea ya fundi seremala kwenye tumbo la ubao, kwanza kushoto kisha kulia. Tofauti ya milimita mbili nchani tayari utaihisi. Ikiwa inalala upande, ni mguu uliosuguliwa vibaya. Tepu upande mmoja wa mguu mara nyingi hulinyoosha.

Kuhusu kina: pezi la inchi 9.25 ni sentimita 23 na nusu. Ongeza unene wa ubao na uzito wako, usipande ubao mahali ambapo maji hayajafika juu ya goti. Siku za bamvua maji yanakupwa haraka, mahali ulipoingia na maji ya kiuno panaweza kuwa mchanga mtupu ukitoka. Rudi kwa tumbo hadi mahali salama, kisha ushuke kabla pezi halijagusa. Pezi likigonga chini na wewe umesimama, nguvu yote inakwenda kwenye boksi. Ukiona mstari mwembamba kama unywele umezunguka boksi, acha kuingia majini siku hiyo, maji yananyonywa na foamu. Kausha siku kadhaa boksi likitazama chini, kivulini, halafu ziba kwa epoksi na kitambaa cha faiba. Ubao wako ni EPS, usikubali fundi wa boti akupakie resini ya poliesta. Ikigusa foamu ile inaiyeyusha, na utabaki na shimo chini ya boksi.

Kupata mahali pake, bandika ukanda wa tepu ya karatasi kando ya boksi, chora mistari ya nusu sentimita kwa penseli, andika 0 mwisho wa nyuma. Siku ya kwanza weka katikati. Panda mawimbi 8 hadi 10, usiguse kitu. Kesho yake, maji yakiwa kiwango kilekile, sogeza mstari mmoja nyuma. Mkia ukishika zaidi puani na bado unageuka, ongeza mmoja. Ukianza kuhisi unausukuma ubao kwa goti ili ugeuke, umepitiliza, rudi mmoja. Usibadilishe pezi na mahali siku moja, hutajua kipi kimefanya nini. Na jaribio hilo lifanye hata kwa lile la plastiki la inchi 7, leo, ukiwa na mapezi ya pembeni: livute nyuma kabisa, uone mkia unavyotulia. Utakuwa umejua nusu ya jibu kabla mzigo haujafika.

---

kusi_malindi

Nimelivuta la plastiki nyuma kabisa asubuhi ya leo, pembeni yote mawili yamefungwa, upande bapa ndani (la kulia lilikuwa kinyume, Muscat_Mswahili umeniona ukiwa Oman). Nimerudi mguu mmoja nyuma kabla ya kutembea, kama dada alivyosema. Mkia umekaa. Puani bado sijafika, nimefika theluthi mbili za ubao na haujainuka.

Nimeagiza 9.25 faiba, mlalo wa wastani, ncha pana, na seti tatu za 8-32. Ile M4 nimeitoa. Swali moja dogo lililobaki: nikiwa na pezi moja, yale maboksi matupu ya pembeni niyazibe?

---

mwana_wa_gati

Si lazima. Yanakokota maji kidogo sana, huwezi kuyahisi kwenye wimbi la kiunoni. Ila ondoa zile skrubu ndogo za alenki uziweke kwenye kopo lenye mafuta ya mgando, zikibaki ndani bila pezi mchanga unajaa kwenye tundu la alenki na siku ya kuzihitaji hazitazunguka. Kama unataka kuyaziba, tepu pana ya plastiki inatosha, bandika ubao ukiwa mkavu na bila nta.